Tumpimeni Kofi Kingston kwa kazi yake yote

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tumzungumze mwanamieleka ambaye jina lake halikauki katika maskani za Unguja na Pemba, Kofi Kingston. Tatizo ni kwamba akitajwa, hutajwa kwa mambo mawili tu: eti ni Mjamaika, na kwamba Brock Lesnar alimpokonya ubingwa kabla watu hawajakaa vizuri vitini. La kwanza si kweli. La pili ni kweli, lakini hizo ni sekunde zisizofika kumi katika kazi iliyoanza kuonekana kwenye televisheni Januari 2008.

Kofi ni mtoto wa Ghana. Alizaliwa huko Agosti 14, 1981, kwa jina la Kofi Nahaje Sarkodie-Mensah, akakulia jimbo la Massachusetts nchini Marekani na kusoma Boston College. Ujamaika alivishwa na WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, alipoanza, pamoja na lafudhi na muziki wake. Mwaka 2009 lafudhi ile ikaachwa, na baadaye akawa anatangazwa kuwa ni wa Ghana. Anayeendelea kumwita Mjamaika leo amebaki nyuma miaka mingi.

Sasa tuje kwenye ufundi, maana hapo ndipo anapostahili sifa. Wapo wanaosema mieleka hii ni maigizo, basi hakuna cha kusifu. Kweli, mshindi hupangwa. Lakini mwili haupangiwi namna ya kudondoka. Ulingo wa WWE una futi 20 kila upande. Chini yake kuna boriti za chuma, juu ya chuma mbao, juu ya mbao sponji nyembamba, kisha turubai. Anayeangukia mgongo hukibana kidevu kifuani ili kisogo kisipige chini, hutoa pumzi, na hutandaza mikono akipiga turubai kwa viganja ili kishindo kigawanyike. Akikosea kidevu tu, shingo ndiyo inayolipa. Machi 11, 2022, huko Birmingham, Alabama, Big E, mwenzake Kofi wa miaka mingi, alirushwa nje ya ulingo katika pambano ambalo wawili hao walikuwa pamoja, akatua kwa utosi badala ya mgongo. Pingili mbili za shingo, ya kwanza na ya sita, zilivunjika. Alinusurika kupooza, lakini kazi ya ulingoni ilikatika pale pale. Vijana wetu wanaoigiza mitupo hii kwenye sakafu ya saruji au uwanja wa skuli waelewe kwamba Big E alikuwa mtu mwenye misuli na mafunzo ya miaka.

Teke la Kofi, Trouble in Paradise, wengi huliiga vibaya. Hupiga teke kwa kisigino, wakiwa wamesimama wima. Yeye humngoja mpinzani ainuke nusu, huruka kwanza, kisha mwili mzima huzunguka hewani kuanzia mabegani na nyonga hufuata. Mguu huja mwisho, nao hugusa kwa sehemu pana kati ya ugoko na juu ya wayo. Mpinzani naye ana kazi yake: kuinua mkono karibu na shavu na kwenda na teke, asilipinge. Akichelewa, ni meno. Teke hilo halina nguvu ya pekee kuliko mateke mengine, uzuri wake uko kwenye wakati. Likipigwa mapema, watu huona pengo kati ya mguu na uso, na shangwe hufa.

Lakini aliyetaka kumjua Kofi alimtazama kwenye Royal Rumble. Wanaingia watu 30 kwa zamu, na anayetupwa juu ya kamba ya juu akagusa sakafu kwa miguu yote miwili ametoka. Sheria inasema miguu yote miwili. Kofi aliisoma sheria hiyo vizuri kuliko wote. Mwaka 2012, The Miz alipomwangusha, alishuka kwa mikono, akatembea kwa viganja miguu ikiwa juu mpaka kwenye ngazi za chuma, akaweka nyayo pale na kurudi. Mwaka 2013 alitua mgongoni mwa Tensai, akahamia meza ya watangazaji, akaomba kiti cha mtangazaji JBL na kuruka nacho kidogo kidogo mpaka ukingoni mwa ulingo. Mwaka 2014 alikuwa juu ya uzio wa watazamaji, akaruka moja kwa moja hadi ukingoni. Mwaka 2016 alibebwa mabegani na Big E. Mwaka 2018 mguu mmoja ulisimama juu ya mwenzake mwingine, Xavier Woods, aliyelala chini, na wa pili ukawekwa kwenye sahani ya chapati za maji, ndipo wenzake wakamrusha ndani.

La mwaka 2012 ndilo tunaloliweka juu ya yote, maana halikutegemea mtu wala kifaa mpaka mwisho. Mtu anaanguka kutoka ukingoni, uzito wote umekwishaelekea chini, na ndani ya mwanga wa jicho anaugeuza mwili, anaweka viganja, anakaza viwiko, anashika mizani na kuanza kutembea. Vijana wa makachu pale Forodhani, wanaojitupa baharini jioni huku wakijipindua, watakwambia kuwa kupaa ni kazi ndogo, kazi ni kujua miguu iko wapi wakati kichwa kiko chini. Na wao wanapokewa na maji.

Alishindwa pia, na kushindwa kwake kunaonyesha ugumu wa mchezo. Mwaka 2022 Kevin Owens alimsukuma, akarukia uzio, na nyayo zikagusa sakafu kabla hajaushika. Mwaka uliofuata alitupwa na Gunther kuelekea kwenye kiti, kiti akakikosa. Hakuna kurudia pale, wala mkanda wa video wa kukata.

Kuhusu ubingwa, watu hukumbuka usiku mmoja wakasahau subira. Juni 2008 alimshinda Chris Jericho na kuchukua mkanda wa Intercontinental, mkanda wake wa kwanza pale. Baada ya hapo alizungukazunguka mikanda ya kati kwa miaka. Akiwa na Big E na Xavier Woods katika The New Day walishika ubingwa wa timu siku 483, tangu Agosti 2015 hadi Desemba 2016, wakavunja rekodi ya timu ya Demolition ya siku 478. Mlango wa ubingwa mkubwa ulifunguka kwa bahati mbaya ya mtu mwingine: Februari 2019 Mustafa Ali aliumia, Kofi akapewa nafasi yake. Februari 12 alipigana zaidi ya saa nzima mfululizo, akawatoa Daniel Bryan, Jeff Hardy na Samoa Joe, kabla ya AJ Styles kummaliza. Ni baada ya saa ile mashabiki walipoanza kudai kwa sauti moja apewe pambano la ubingwa WrestleMania, onyesho kubwa la mwaka la WWE.

Wakapata. Aprili 7, 2019, New Jersey, alimshinda Daniel Bryan kwa Trouble in Paradise, miaka 11 baada ya kuanza, akawa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Bryan alikuwa amebadilisha mkanda kuwa wa mbao usio na ngozi. Wenzake Kofi wakamletea ule wa asili ulingoni, na wanawe wakapanda kumkumbatia. Baadaye mwaka huo huo akarudi Ghana na mkanda begani.

Aliushika siku 180. Aliutetea mbele ya Kevin Owens, Samoa Joe na Randy Orton, na mbele ya Dolph Ziggler huko Jeddah Juni 7, zikiwa siku za Idd el Fitr, katika jiji ambalo saa zake ni sawa na zetu. Oktoba 4, Los Angeles, akaja Lesnar. Sisi tunaona haikuwa haki kummaliza bingwa wa aina ile kwa mtupo mmoja, tena bila hata kurudiana naye. Hilo walilipanga wenye kampuni, si yeye, na halifuti siku 179 zilizotangulia. Hakununa hadharani, alirudi kwenye timu na kufanya kazi. Aprili 2025, huko Las Vegas, yeye na Woods walichukua tena ubingwa wa timu kutoka kwa War Raiders, akiwa na umri wa miaka 43.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, tunaomba ukurasa wako wa michezo umpe nafasi, na ukimtaja umwandike kuwa ni wa Ghana. Tunaomba pia ratiba za mieleka zichapwe kwa saa zetu. Pambano linaloanza saa 1 usiku New York huwa ni saa 9 usiku hapa Zanzibar mwezi wa Januari, na saa 8 usiku mwezi wa Aprili, kwa sababu wenzetu huzisogeza saa zao mwezi Machi. Tarehe nayo hugeuka: Jumapili yao kwetu ni alfajiri ya Jumatatu, na wapo wanaokesha siku ambayo si yenyewe.

Wapenzi wa mieleka,
Mjini, Unguja