Paipu za Breki za Gari la Zamani: Kutu Hujificha Chini ya Klipu

Gari la zamani linapofufuliwa, pesa nyingi huishia kwenye bodi na rangi. Paipu za breki hufutwa kwa petroli, zikapuliziwa nyeusi pamoja na chasisi, zikang'aa. Lakini kwenye Land Rover 109 au Toyota FJ40 iliyokula barabara za vumbi na tope miaka yote hiyo, paipu ya chuma huliwa pale inapobanwa na klipu. Tope hukaa humo, hushika unyevu, na kutu inakula upande ulioegemea chasisi, usiouona hata ukiingia uvunguni na tochi. Fungua klipu, kwangua kwa ncha ya bisibisi. Ikitoka maganda, paipu hiyo haipakwi rangi, inatolewa.

Magari haya mawili sehemu nyingi hutumia paipu ya inchi 3/16, yaani milimita 4.75. Sisi gereji kwetu tunapendelea shaba yenye nikeli asilimia 10: haioti kutu, haihitaji rangi na hukunjika vizuri. Ya chuma nayo ni nzuri, ila ipigwe praima na rangi baada ya kukunjwa, si kabla, la sivyo rangi hupasuka kwenye kona. Paipu ya shaba ya mafundi friji hatuifungi, hata mteja akija nayo mkononi. Ukikanyaga breki kwa nguvu, presha hupita psi 1,000, na shaba tupu ikitikiswa muda mrefu hukakamaa kisha hupasuka.

Kinachosumbua zaidi ni nati za kufungia paipu, zile zenye nyuzi kwa nje. Land Rover za zamani zina nati nyingi za inchi 3/8 UNF (nyuzi laini za kipimo cha inchi), nyuzi 24 kwa inchi. Toyota ina M10 (kipenyo cha milimita 10), hatua ya milimita 1 kati ya uzi na uzi. Ukiziweka mezani zinafanana kama mapacha. Nati ya 3/8 ina kipenyo cha milimita 9.5, kwa hiyo huingia kwenye tundu la M10 kwa vidole tu, tena inakaza kidogo. Imeshika ncha za nyuzi tu. Siku ya breki ya ghafla, inang'oka. Dalili yake ni kuchezacheza kabla ya kukaza.

Halafu mdomo wa paipu. Chungulia ndani ya tundu: kitako kikiwa kimechongoka kuja kwako, piga flea (mdomo uliopanuliwa) ya mikunjo miwili; kikiwa kimebonyea kwenda ndani, piga ya kibofu. Ukiweka moja mahali pa nyingine itavuja, na kukaza zaidi kutaharibu kitako, pengine ukanunue masta silinda (pampu ya breki) nyingine.

Kata kwa kikata paipu cha gurudumu, maana msumeno huacha unga wa chuma ndani. Ondoa ncha kali, pulizia upepo, kisha vesha nati kabla ya kupiga flea (kila fundi ameshasahau hili, na paipu ikakatwa upya). Paipu ijitokeze kwenye kibanio cha kifaa cha flea sawa na unene wa bega la adapta, kile kidude cha kubonyezea mdomo. Ikizidi, mdomo unakaa upande. Flea safi ni duara kamili, haina ufa, haina mkwaruzo.

Njia ya paipu tunaichukua kwa waya laini, tukifuata ile ya zamani. Ipite mbali na egzosi, klipu kila sentimita 30 hivi, na raba pale inapopita kwenye tundu la bati. Nati ianze kwa vidole, imaliziwe kwa spana ya paipu. Spana ya mdomo wazi huviringisha pembe za nati.

Kwenye breki za ngoma, rekebisha viatu vya breki kwanza ndipo utoe upepo ulionaswa kwenye paipu. Gari la usukani kulia lenye mfumo mmoja wa breki kwa magurudumu yote, anza nyuma kushoto, kwani ndiko mbali zaidi na masta. DOT 4 mpya (mafuta ya breki) huchemka kuanzia nyuzi joto 230. Ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 155, na mteremko wa Marangu kwenda Himo ndio utakaokuonyesha pedali ikizama. Ikimwagika kwenye rangi, mwagia maji papo hapo.

Mwisho, kanyaga pedali kwa nguvu dakika mbili huku mtu akipitisha karatasi kavu kila kiungo. Karatasi ikilowa, hata kidogo, gari halitoki.

Ukituletea gari, paipu za zamani usizitupe, hata zikiwa zimeoza. Kona zake na nati zake ndizo tunazopimia mpya.