Neno "said" si la kukimbia

Wiki iliyopita, hapa kwenye ofisi yetu ya kuhariri na kutafsiri, tulipokea barua ya malalamiko yenye kurasa mbili. Mwenyewe aliiandika kwa Kiingereza, na kusema kweli aliiandika vizuri, ila alitaka tuipitie kabla haijamfikia mwajiri wake. Shuleni alifundishwa kwamba kurudia neno ni umaskini wa lugha, kwa hiyo kila "said", yaani alisema, ilipomjia mkononi alifungua orodha ya visawe kwenye programu yake ya kuandikia akachagua jingine. Meneja "claimed". Mhasibu "admitted". Mlinzi "revealed", yaani alifichua. Na yeye mwenyewe, mwenye kulalamika, akaandika: "I claimed that I was at work on that day."

Hapo tukainua simu.

"Kwani 'claim' si kusema?" akauliza.

"Ni kudai. Sasa wewe siku hiyo ulikuwepo kazini, au ulidai ulikuwepo?"

Akanyamaza kidogo. "Nilikuwepo, bwana!"

Wateja wetu wengi hujikwaa hapa, na si kwa kutojua Kiingereza. Kosa linatoka kwenye ile orodha ya visawe. Inapanga maneno kana kwamba ni mapacha, kumbe ni ndugu tu, kila mmoja na tabia yake. Peter Mark Roget, daktari Mwingereza aliyechapisha orodha yake maarufu mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa kufuata maana badala ya alfabeti, ili mtu mwenye wazo kichwani aweze kulifikia neno lake. Orodha ya namna hiyo inamfaa sana anayekumbushwa neno analolijua. Anayekutana nalo kwa mara ya kwanza humo atapotea.

Chukua sentensi moja ya kawaida ya ripoti ya ajali: "The driver said the brakes were faulty." Dereva alisema breki zilikuwa mbovu. Anayesoma hajui bado kama ni kweli, wala mwandishi hajamsukuma upande wowote. Sasa badilisha kitenzi hicho kimoja tu. Ukiweka "claimed", dereva anajitetea na wewe humwamini. Ukiweka "pointed out", breki zilikuwa mbovu kweli, na dereva ndiye aliyewafungua macho. "Insisted" inaonyesha kuna mtu alimbishia naye akashikilia lake. "Mentioned" ina maana alilitaja kwa kupita tu, katikati ya mambo mengine. Halafu "admitted", ambayo ndiyo kali kuliko zote: dereva alijua breki ni mbovu, akaendesha hivyo hivyo, na sasa amekiri. Maneno mengine yote ya sentensi hayajaguswa, lakini dereva ametoka kuwa shahidi akawa mshitakiwa.

Kiswahili kinatusaidia sana hapa, tukikisikiliza. Mtu akikuambia "fulani anadai anaumwa", huhitaji kuelezwa kwamba msemaji hajasadiki. "Claim" inayofuatwa na "that" ina harufu ile ile. Na kama sisi tunavyomdai mtu deni bila kumaanisha uongo wowote, Kiingereza nacho kina "claim" ya bima na ya fidia, ambayo ni kuomba haki yako tu. "Allege" iko karibu na "inadaiwa" ya magazetini: jambo zito, mara nyingi la kosa, ambalo halijathibitishwa. Waandishi wa habari huitumia kujikinga kabla mahakama haijaamua. Kwenye barua yako binafsi, kuhusu jambo uliloliona kwa macho yako, ukiandika "allege" unajivua ushahidi mwenyewe.

Lakini pia Kiswahili kinatutega. Kitenzi chetu "kubali" kinabeba mizigo ambayo Kiingereza kimeigawa: "agree", "accept", "acknowledge" na "admit". Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilitafsiri muhtasari wa kikao ambamo mwenyekiti "alikubali kwamba gharama zimepanda". Nikaandika "admitted". Kwa Kiingereza ikasomeka kana kwamba amebanwa ukutani mpaka akatapika ukweli, wakati maskini alikuwa anaunga mkono hoja ya mjumbe. Ilitakiwa "agreed". Katibu aliirudisha na alama ya kuuliza ya wino mwekundu pembeni, na nilistahili.

"Sisitiza" nayo ni hivyo hivyo. Mkurugenzi akisisitiza umuhimu wa usalama, hapo ni "emphasised" au "stressed". Akisisitiza kwamba yeye hakusaini, huku wengine wakisema alisaini, hapo ndipo "insisted" inapopata kazi. Tunaona sana "emphasised on", na hiyo "on" haina kazi pale. Huenda inatokana na "insisted on", ambayo inaitaka kweli.

Nikiwa kwenye vihusishi, nitoe donge langu moja. "Explain me" imejaa kwenye barua tunazopokea, na najua inakotoka. Sisi tunasema "nieleze", mtu anaingia ndani ya kitenzi bila kubisha hodi. "Explain" haimruhusu, lazima apitie mlangoni: "explain to me". "Suggest" ni vivyo hivyo, ndiyo maana "please suggest me a date" haikubaliki hata ikiwa "nipendekezee tarehe" ni Kiswahili safi. Kinyume chake ni "discuss" na "mention", ambazo hazitaki "about" hata kidogo, ingawa "kuhusu" yetu inavutia mkono.

Kwa "say" na "tell" hatuna shida kubwa, maana tunazo "sema" na "ambia". "Ambia" haisimami bila mtu: niliambia nani? "Tell" nayo inamtaka mtu: "he told me", si "he told that". Kuna mafungu machache yanayovunja kanuni, kama "tell the truth" na "tell a lie", yazoee tu. Na kwa anayependa mambo ya asili, "tell" zamani ilimaanisha kuhesabu, ndiyo maana anayekuhesabia pesa benki huitwa "teller". Sisi tuna kitenzi cha kale "amba", kusema, ambacho hatukitumii tena peke yake lakini kila siku kinatutoka ndani ya "kwamba" na "ambaye".

Neno jingine la kuliogopa ni "refute". Watu huliandika wakitaka kusema wamekanusha. Kukanusha ni "deny". "Refute", kwa matumizi ya makini, ni kuonyesha kwa ushahidi kwamba jambo si kweli. Wapo Waingereza wenyewe wanaolichanganya, lakini ukiandika "I refute the accusation" kwenye jibu la tuhuma bila kiambatisho hata kimoja, msomaji mkali atauliza: ushahidi uko wapi?

Vile vitenzi vya rangi, "muttered", "blurted", "whispered", yaani kunung'unika, kuropoka na kunong'ona, viachie hadithi. Kwenye barua rasmi vinachekesha.

Kwa hiyo ukituletea kazi ya kuhaririwa au kutafsiriwa, usishangae tukikurudishia rasimu ikiwa na maswali pembeni badala ya marekebisho matupu. Utakuta tumeuliza: unamwamini huyu? Alibanwa au alijitolea kusema? Kuna aliyembishia? Hatukuchunguzi. Majibu hayo hayamo kwenye karatasi, wewe ndiye ulikuwepo, na bila hayo tunabahatisha. Ukiweza kuandika Kiswahili chake kando ya sentensi unayoitilia shaka, hata kwa mkono, umetupunguzia nusu ya kazi. Na ukiona tumerudisha "said" pale ulipokuwa umeweka neno tamu zaidi, jua tumefanya makusudi. Msomaji wa Kiingereza hupita juu ya "said" bila kuiona, kama anavyopita juu ya nukta. Mara kumi kwenye ukurasa haimsumbui.

Ile barua ya kurasa mbili ilirudi kwa mwenyewe ikiwa na "said" tisa. "I claimed" tuliifuta, ikabaki "I was at work on that day", basi. "Admitted" ya mhasibu tuliiacha. Tulimuuliza, akatutumia ujumbe wa maandishi ambamo mhasibu mwenyewe amekiri kukosea hesabu, na nakala yake ikawa kiambatisho cha kwanza.