Barua kutoka Urambo kwa somo yangu

Urambo, Tabora
Oktoba 2024

Somo yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima. Mama naye mguu umepungua kuvimba, anakusalimu na kukukumbusha kanga yake uliyoondoka nayo. Vumbi la Oktoba unalijua. Watu wako kwenye vitalu vya tumbaku wanamwagilia, ofisini kumepoa, basi nimepata nafasi ya kukujibu kwa kalamu. Ule ujumbe wako wa sauti ulikuwa mrefu, na ningekujibu kwa sauti ningepandisha, wewe ungecheka badala ya kusikiliza.

Unasema mmezunguka mikoani na watu wa mradi wenu mkiuliza wananchi habari za madaraka ya Rais, na sasa unaamini kwamba mpiga kura wa kawaida hajali. Ukitaja Katiba anapiga miayo, ukitaja bei ya mbolea anaamka. Ukaniuliza mimi ninayeshinda na wakulima kama nakubaliana nawe. Sikubaliani, somo. Tena nadhani mlikuwa mnabisha mlango usio wao.

Kazi yangu unaijua, karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa tumbaku. Mihtasari yote naandika mimi. Kila msimu, kabla bodi haijakopa pembejeo, mkutano mkuu lazima upitishe ukomo wa madeni, yaani kiasi ambacho bodi hairuhusiwi kukivuka, kisha kinapelekwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Ungekuwepo mkutano wetu uliopita! Mwenyekiti alisimama akasoma kiwango kipya, kikubwa kuliko cha msimu uliotangulia. Mbolea imepanda, akasema, na wanachama wameongezeka. Ukumbi ukatulia. Mzee mmoja aliyekaa dirishani, koti la suti juu ya jezi ya Simba, akaomba nafasi.

"Mwenyekiti, hicho kilichozidi kinakwenda kununua nini?"

Afisa ushirika akataka kumsaidia mwenyekiti kujibu. Mzee akamkata: "Wewe mgeni wetu, kaa kwanza. Nimeuliza bodi."

Hapo ndipo moto ulipowaka. Kina mama wa nyuma, ambao kwa kawaida huwa wanasubiri soda na posho ya nauli, wakaanza kudai wasomewe madeni ya msimu uliopita jina kwa jina. Unajua kwa nini? Deni la tumbaku ni la chama. Aliyevuna vizuri anakatwa kwenye malipo yake kufidia aliyeiuza mbolea gizani akapotea. Hawa watu wamewahi kulipia sahihi ya mtu mwingine, ndiyo maana sahihi ya mwenyekiti wanaiogopa. Jua lilipoanza kushuka kiwango kilikuwa kimepunguzwa, na mimi nimelazimishwa kusoma muhtasari kwa sauti kabla mtu hajaondoka, wasije wakaandikiwa kitu kingine.

Sasa niambie kama hao ni watu wasiojali mipaka ya kiongozi.

Utaniambia chama cha msingi siyo Ikulu. Sawa, na hilo nimeliwaza, kwa sababu jioni ileile nilimkuta mzee wa jezi kwenye kijiwe cha kahawa anamsifu hayati Magufuli kwa jinsi alivyokuwa akitumbua watu hadharani, jukwaani, bila barua wala kikao. "Yule ndiye alikuwa rais," anasema, na wenzake wanaitikia. Mtafiti wako angefika dakika ile angeandika: mhojiwa anapenda mtawala asiye na mipaka. Mimi nikamuuliza, mzee wangu, asubuhi umemkatalia mwenyekiti kukopa mfuko wa mbolea bila ruhusa yenu, jioni unamsifu mtu anayefukuza mkurugenzi bila kumuuliza yeyote?

Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza maji yanatoka wapi. "Mwenyekiti namtoa mimi. Mkuu wa wilaya nimtoe na nini?"

Somo, jibu hilo nimelala nalo. Mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais, mkuu wa mkoa vivyo hivyo, mkurugenzi wa halmashauri vivyo hivyo. Hakuna kura ya mzee yule inayowagusa. Kwa hiyo akinyanyaswa na mmoja wao, mlango pekee anaouona uko juu kabisa, na angependa aliye kule juu awe na rungu kubwa iwezekanavyo. Hayo mapenzi ya rais mkali ambayo ninyi mnayaandika kama kutojali, mimi nayaona kama malalamiko ya watu walionyimwa namna ya kumwajibisha mtu wa karibu. Ubaya ni kwamba rungu hilohilo ndilo linalomteua anayewanyanyasa. Mzee hilo analijua vizuri. Hana njia nyingine tu.

Na unyanyasaji wenyewe si wa kuhadithiwa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Huku mtu akisikia "arobaini na nane" haulizi ni ya nini. Tumewahi kumwona mtu mzima, baba wa familia, akilala mahabusu kwa sababu alijibu kwa ukali kwenye mkutano wa hadhara (sikutajii wapi, barua husafiri). Hakufikishwa mahakamani, aliachiwa tu. Muulize mke wake kama anajali mipaka ya madaraka. Neno "madaraka ya Rais" huenda asilitaje kabisa, lakini atakueleza aliyempeleka mumewe ndani aliletwa na nani.

Halafu mnasahau kwamba kuna mpaka mmoja ambao kila mtu anaujua bila semina: miaka kumi. Uliingia kwenye Katiba mwaka 1984, Mwalimu akang'atuka mwaka uliofuata, na tangu hapo Mwinyi, Mkapa na Kikwete kila mmoja alimaliza vipindi vyake viwili akaenda nyumbani. Wale wabunge waliowahi kuja na maneno ya kuongeza muda wa urais, huku walisikilizwa kwa mguno. Hata wampendao hayati walikuwa wanasema kumi inamtosha. Machi 2021, Rais Samia alipoapishwa, kijiweni kwetu ulizuka ubishi mkubwa kama ile miaka iliyobaki itahesabiwa. Kijana mmoja wa bodaboda akafungua Katiba kwenye simu na kusoma ibara ya 40: makamu akishika kiti kwa miaka mitatu au zaidi anagombea mara moja tu, ikipungua mitatu anagombea mara mbili. Wakahesabu kwa vidole hadi 2025, wakaridhika, wakarudi kwenye Simba na Yanga. Nilisikia kwa masikio yangu. Afrobarometer, wale watafiti wa maoni ya wananchi, nao wamekuwa wakikuta jambo hilohilo nchi nyingi za Afrika: watu wengi wanataka vipindi viwili, basi.

Mahali ambapo kweli wamefungwa macho ni kwenye yale yasiyoonekana. Ibara ya 41(7) kwa mfano. Nilipomweleza mwenyekiti wetu, mtu aliyesoma, kwamba Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais hakuna mahakama ya nchi hii inayoruhusiwa kuuchunguza uchaguzi wake, aliniambia nimechanganya na kitu kingine. Alikuwa ameona Kenya 2017, mahakama ikifuta matokeo na watu wakirudi vituoni, akadhani na sisi tunayo nafasi hiyo ila tu hakuna aliyewahi kwenda. Nikamwonyesha. Mahakama ya Afrika, iliyo hapa hapa Arusha, ilishasema mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inavunja haki za watu, na bado ipo. Kutojua huko nakupa, somo, lakini asiyejua si sawa na asiyejali, na yule bwana hakulala vizuri siku hiyo.

Kilichonichoma kuliko vyote ni mikutano ya hadhara. Sheria ya vyama vya siasa inaruhusu mikutano, chama kinatoa taarifa polisi na kuendelea na mambo yake. Mwaka 2016 likatoka neno tu, ikazuiwa. Januari 2023 likatoka neno jingine, ikaruhusiwa, na wengi wetu tukashukuru. Na mimi nilishukuru. Lakini haki iliyokuwa kwenye sheria muda wote ilizimwa na kuwashwa kama taa ya sebuleni, na aliyeshika swichi ni mmoja. Nilipolisema hili kijiweni hakuna aliyenibishia. Waliuliza tu tungefanya nini.

Na huku kwetu, usisahau, Katiba ni habari za jirani. Marehemu Samuel Sitta alikuwa mbunge wetu, na ndiye aliyeongoza Bunge Maalumu la Katiba 2014, Rais wa sasa akiwa makamu wake kwenye kile kiti. Watu wa Urambo walifuatilia lile bunge redioni kama mechi. Tume ya Warioba ilikusanya maoni ya watu juu ya Katiba mpya, na rasimu yake ikaja na mambo ambayo hata mkulima aliyaelewa: mawaziri wasiwe wabunge na wathibitishwe na Bunge, matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani. Kisha mabishano kama Muungano uwe na serikali tatu, Ukawa, ule umoja wa wapinzani, wakatoka nje, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015, ikaahirishwa. Mpaka leo. Waliotoa maoni yao wamekaa miaka kumi bila kuambiwa kura iko wapi, halafu watu wa mradi wanakuja na fulana wanauliza kwa nini wanapiga miayo!

Nakukumbusha pia 2008, sakata la Richmond, ule mkataba wa kufua umeme, Sitta akiwa Spika. Siku Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu watu walikuwa wamejazana kwenye redio za madukani. Bunge lilikuwa limemkamata mkubwa, na walifurahi kama wao ndio wamemkamata. Mwaka 2016 serikali ilipotangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, malalamiko niliyoyasikia yalitoka kwa wauza nyanya, siyo kwa mawakili.

Ninajua utakalonijibu, kwa sababu wewe ulilisoma chuoni: Tume ya Nyalali. Mwaka 1991 ilizunguka nchi nzima, na takriban asilimia 80 wakasema chama kimoja kiendelee. Kama watu wanajali mipaka, mbona walisema hivyo? Hili sina jibu safi. Najua wengi kati ya hao walitaka ule mfumo urekebishwe, na najua mtu aliyezoea mjumbe wa nyumba kumi mlangoni anapima maneno mbele ya tume. Lakini wapo waliomaanisha walichosema, waliona chama kimoja ni amani. Marehemu baba yangu alikuwa mmojawao, na hakuwa mjinga. Chifu Fundikira wa Unyanyembe, aliyeachia uwaziri 1963 na miaka ya tisini akasimama mbele kudai vyama vingi, baba alimheshimu sana na hakumfuata hata hatua moja. Kwa hiyo sisemi kila mtu anajali, wala kwamba anayejali atapiga kura kwa ajili hiyo. Mtu anaweza kuuchukia ukubwa wa madaraka na bado akampigia kura mwenye madaraka, kwa kuwa ndiye mwenye lami.

Mkija tena, msianze na Katiba. Mwulizeni mtu nani anaweza kumfukuza nani kijijini kwake, na ni nani asiyefukuzika. Mpeni kahawa, mkae. Majibu hayo yatajaza daftari lenu.

Jambo la mwisho, nalo ni kazi nakupa. Mzee wa jezi nilimwambia kwamba ile sheria ya saa 48 ina masharti, kwamba mkuu wa wilaya hatakiwi kumweka mtu ndani kwa hasira tu, lazima awe na sababu na aziandike. Alisimamisha kikombe hewani. "Aziandike? Wapi?" Tangu hapo kila akipita ofisini ananidai hiyo karatasi. Anataka aisome mwenyewe kabla ya uchaguzi wa vijiji wa tarehe 27 Novemba, maana anagombea uenyekiti wa kitongoji. Nitafutie hicho kifungu, uniwekee kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kwa herufi kubwa kwa sababu miwani yake imevunjika mguu mmoja. Mpe dereva wa basi la Urambo, nitalipokea stendi. Vipeperushi vyenu vya rangi usinitumie, bado ninavyo vya mwaka jana.

Wasalimie watoto na shemeji.

Ni mimi,
Somo yako