Vijidaftari vya wanafunzi, tujiandae

Walimu habari zenu, ile kazi ya kutengeneza vijidaftari na wanafunzi ni keshokutwa kwahiyo naomba kila mtu aanze kukusanya karatasi za A4 zilizotumika upande mmoja, msitupe hata moja jamani. Karatasi 10 ukikata kila moja vipande vinne unapata 40, hapo mtoto mmoja ashapata kijidaftari chake, nyuma weka kipande cha boksi.

Penye kazi ni kwenye gundi. Gongagonga bunda mezani mpaka ukingo wa juu ulingane kabisa, bana na vibanio viwili, paka gundi nyeupe kwa brashi, ikikauka unarudia tena. Msiwaruhusu kufungua mapema, mwaka jana darasani kwangu walifungua gundi ikiwa bado mbichi karatasi zikaanza kuchomoka mojamoja, kuna binti alilia kweli na mimi iliniuma sana. Ukiona ule weupe umeisha na haishiki kidole ndo tayari.

Wadogo wasiguse kisu, wakatieni nyie, wao wapambe jalada. Nani ana vibanio vya ziada? Mimi ninavyo 12 tu.