Kwa kaka wa pikapu tuliyekutana naye Soni

Jumamosi iliyopita gari lililombeba bibi yetu liliharibika kwenye kona za kupanda Soni, mvua inanyesha, na kule Lushoto mchungaji na kwaya wanasubiri. Kaka, wewe ulikuwa unateremka Mombo. Ulishusha magunia yako ya kabichi kando ya barabara, ukageuza gari, ukavua koti ukafunika jeneza. Hela ukakataa.

Hukumjua bibi. Aliamka saa kumi alfajiri, akajitwika tenga la karoti hadi sokoni, na karoti hizo zimesomesha wajukuu sita. Jumapili hakuuza hata fungu moja. Alikuwa kanisani, benchi la mbele, kitabu chake cha nyimbo kimefungwa kwa mpira. Tumemzika nacho.

Asante sana, kaka yetu, Mungu akubariki. Magunia uliyakuta salama?