Kabla hujalipaka Brasso tarumbeta lako la nikeli

Msimu wa harusi ukikaribia, karakana yetu hupokea matarumbeta yenye mabaka ya njano kwenye mikunjo ya bomba. Wenye nayo hudhani ni uchafu uliogoma kutoka, basi huzidi kusugua. Ile njano ni shaba yenyewe. Nikeli iliyokuwa juu yake imeshakwisha.

Tabaka la nikeli la aina hii kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 5 hadi 25; unywele wa kichwani una kama 70. Kila dawa yenye chenga za kusugulia inachukua kidogo, na majivu, msasa au waya wa sufuria huchukua kingi kwa mara moja. Kwenye kona ndiko hutoboka kwanza, maana vidole hukandamiza hapo zaidi.

Brasso na wenzake ni dawa nzuri kwa shaba tupu. Tatizo ni kwamba nyingi zina amonia, na nikeli ikiwa na ufa au tundu dogo, amonia hupenya na kuila shaba iliyo chini. Jeshi la Uingereza huko India liliwahi kuhifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi nyakati za mvua, maganda yake ya shaba yakapasuka yenyewe. Mwaka 1921 watafiti walieleza sababu: amonia ya mkojo wa farasi, pamoja na mkazo uliobaki kwenye shaba iliyovutwa ikiwa baridi. Bomba la tarumbeta nalo huvutwa na kukunjwa.

Hakikisha kwanza kama ni nikeli. Fedha ikichakaa huwa kahawia, halafu nyeusi. Nikeli hupata ukungu tu, na ukiiweka kando ya kromu ya bampa utaona ina umanjano kidogo, wakati kromu inaelekea bluu.

Kusafisha kwenyewe hakuna haraka. Toa pistoni, uziweke kando bila kuzing'arisha kabisa, kwa sababu zimepimwa zienee kwenye silinda zake bila nafasi ya kuchezea. Osha mwili kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, kausha kwa fulana kuukuu ya pamba. Mara nyingi ukungu wote huondokea hapo. Ukibaki, tumia dawa laini isiyo na amonia iliyoandikwa kuwa inafaa nikeli, tone dogo, kidole chepesi, na ukwepe sehemu zilizovimba au kubanduka. Malizia na nta ya gari, nyembamba, lakini usiiguse sehemu ya kupulizia.

Madoa ya kijani usiyakwangue kwa kisu. Hayo ni shaba inayotokea kupitia vitundu vya nikeli, na kisu huvipanua.

Kwa wenzetu wa Tanga, Dar na Mombasa, chumvi ya jasho na ya upepo wa bahari haipumziki. Futa tarumbeta mara tu baada ya kupiga, kabla ya kulifungia kwenye sanduku.

Nikeli ikishatoka, hakuna dawa inayoirudisha. Dawa yake ni kuvua tabaka lote na kuchovya upya, kazi ya tindikali na umeme ambayo hatumshauri mtu aijaribu nyumbani, hata kama ameona ikifanywa kwa siki kwenye video. Ukituletea tarumbeta lako, lilete likiwa chafu. Tukiona ukungu na madoa yake yalivyo, tunajua ni wapi pa kugusa na wapi pa kuacha.