Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kutengeneza shanga za kioo

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na kile kipande ulichodhani umeshazima simu. Kwa hiyo najua unataka kununua tochi ya gesi, uache kazi ya kaunta huko Dar, uanze kutengeneza hereni na vidani vya kioo kama shangazi yako. Nakujibu hadharani kwa sababu wanaoniuliza hayo hayo ni wengi, na nimechoka kuandika jibu lile lile kwa kidole kimoja usiku.

Umeuliza ununue tochi ipi. Mimi nakuuliza: shanga zako utazipozea wapi?

Kioo kikitoka kwenye moto, nje hupoa na kukaza upesi, ndani bado kuna joto. Baadaye ndani nako kunapoa, kunataka kusinyaa, lakini nje kumeshagoma. Huo mvutano unabaki humo humo na kwa macho huuoni. Shanga inang'aa vizuri, umeipiga picha, mteja amelipa, ameivaa harusini. Siku moja anaivua, anaiweka mezani taratibu, inasema tak! Vipande viwili. Wakati mwingine haikuguswa kabisa, ilikuwa kabatini.

Dawa ni tanuri. Shanga inaingia ikiwa bado ya moto. Kwa kioo laini ninachotumia mimi, tanuri linakuwa kwenye nyuzi 510 au 520 hivi za Selsiasi. Kioo cha chupa kinataka zaidi, karibu na 550. Inakaa humo mpaka joto lilingane nje na ndani, halafu joto linashushwa polepole kwa saa kadhaa. Kazi ya jioni naitoa asubuhi. Umeme ukikatika usiku, usilie: tanuri lenye kuta nene hupoa kwa mwendo wake, na kesho yake unazipasha upya kuanzia baridi, pole pole, unarudia safari nzima.

Utaona kwenye video watu wanazika shanga ndani ya majivu, au kwenye blanketi la nyuzi za kauri. Zinasaidia shanga isipasuke pale pale. Mkazo hauondoki. Lakini kwa mtu anayeanza hilo linatosha, mradi usiuze bado. Zilizosalimika zikusanye kwenye kopo, kisha tafuta mfinyanzi mwenye tanuri la umeme lenye kidhibiti joto kinachoaminika, umlipe akupashie zote kwa pamoja. Ndiyo maana sikuhimizi kununua tanuri sasa hivi. Nakuhimiza tu usimpe mtu kitu kilichopozwa kwa majivu ukamwambia ni cha kudumu.

Sasa chupa. Najua umeshaanza kuziomba kwenye baa za mtaani kwenu, na wazo si baya. Kioo cha chupa ni mchanga, magadi na chokaa. Hata haya magadi ya Ziwa Magadi kule Kenya, sehemu kubwa huishia kwenye viwanda vya kioo. Shida ni kwamba kila kiwanda kina kipimo chake. Kioo hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, na vioo viwili vinavyosinyaa kwa viwango tofauti ukiviunganisha kwenye shanga moja, vitaachana tu, hata upoze wiki nzima. Chupa ya kijani ya bia na chupa ya kijani ya mvinyo zinaweza kufanana kama mapacha na bado zikakataana. Kwa hiyo shanga moja, chupa moja. Ukitaka nukta nyeupe juu ya kijani, au mistari, hapo ndipo utahitaji fimbo za kioo zinazotengenezwa kwa kazi hii. Zinauzwa kwa namba: 104 ni kioo laini, 90 ni aina nyingine, 33 ni kile kigumu cha vyombo vya maabara. Namba hiyo inaeleza kioo kinavyotanuka. Usichanganye namba. Na rangi za chupa ni chache: chuma kinaleta kijani, kahawia ipo tele, bluu ya kobalti ukiipata itunze. Nyekundu sahau.

Tena kwa chupa tupu huhitaji hata tochi. Wakrobo wa Ghana wanazitwanga zikawa unga, wanachekecha, wanajaza unga huo kwenye vibao vya udongo vyenye vishimo, na katikati ya kila kishimo wanasimamisha kikonyo cha jani la muhogo. Tanurini kikonyo kinaungua, tundu linabaki. Tangu nilipoelewa hilo, muhogo wangu siuangalii kwa dharau. Huku kwetu Arusha pia kuna karakana iitwayo Shanga, ambako watu wenye ulemavu wanayeyusha chupa zilizotupwa, na karibu na Nairobi kuna karakana ya kioo ya Kitengela. Ukija nitakupeleka Shanga uone. Usiende na pochi iliyojaa.

Ukichagua tochi, jua unachokinunua ni mkono uliofundishwa. Unapaka kijiti cha chuma cha pua uji wa udongo wa kaolini ili kioo kisigande, unaukausha, unayeyusha ncha ya fimbo mpaka inalegea kama asali, unaizungushia kwenye kijiti, na kuanzia hapo huachi kuzungusha. Ukisita, shanga inaning'inia upande mmoja. Fimbo baridi usiitie ghafla katikati ya mwali, itakurukia vipande. Anzia pembeni, ipate vuguvugu kwanza.

Ugumu wenyewe hauko kwenye shanga nzuri. Shanga nzuri utaipata mapema kuliko unavyodhani. Ugumu ni kuipata ya pili inayofanana nayo, maana masikio ni mawili. Unene ule ule, nukta mahali pale pale, uzito usiovuta sikio moja kuliko lingine. Zangu zinazokosa mwenza nazigeuza vidani, na ukitazama meza yangu siku yoyote utadhani navipenda vidani kupita kiasi.

Halafu mapafu na macho yako, kwa sababu ni ya kaka yangu kabla hayajawa yako. Unga wa kioo na ule wa udongo unaobaki tunduni usiutoboe ukiwa mkavu. Toboa shanga ikiwa ndani ya maji. Vumbi hilo likizoea kifua halitoki. Chupa zitwangwe zikiwa zimefunikwa kwa gunia lililoloa, na barakoa ya vumbi, si ya kitambaa. Mtungi wa gesi ukae nje ya chumba, na chumba kiwe na njia ya hewa kuingia na kutoka. Kioo motoni hutoa mwanga mkali wa manjano kwa sababu ya sodiamu iliyomo. Unaumiza macho na unakuzuia kuona unachofanya. Kuna miwani maalumu ya didimiamu inayoukata mwanga huo. Miwani ya jua haifanyi kazi hiyo, hata kama ni ya gharama.

Nimefika kwenye bei, ambako najua tutagombana.

Umesema Kariakoo hereni za shanga ni elfu mbili, sasa nani atatoa zaidi ya elfu ishirini? Yule wa elfu mbili si mteja wako, na wala si adui yako. Zile zinatoka kiwandani kwa magunia. Hata shanga ndogo ndogo wanazotumia mama zetu wa Kimasai ni za kiwandani, nyingi nzuri zinatoka Ucheki. Ufundi wa mama hao uko kwenye kupanga na kushona, na ni ufundi mkubwa, mimi siuwezi. Wewe unauza kitu kingine, basi sema ni kipi. Ukitengeneza shanga mwenyewe, sema. Ukinunua shanga na kuzitunga, sema umetunga. Mteja akija kugundua mwenyewe, hata ulichokitengeneza kweli hatakiamini.

Chukua karatasi. Kioo, ndoano za fedha halisi, kiboksi: tuseme elfu nne. Ndoano usibane, za bei rahisi mara nyingi zina nikeli na kuna masikio yanayovimba kwa nikeli. Saa moja ya kazi, jilipe elfu tano, maana kaunta wanakulipa ukiwa umekaa. Gesi, umeme wa tanuri, uchakavu: elfu mbili. Zile zilizopasuka na makapera yasiyo na mwenza lazima yalipiwe na waliofaulu: elfu moja. Elfu kumi na mbili, na bado hujapata faida hata ya chumvi. Sasa duka la hotelini linataka kuchukua kwa mali kauli, linaongeza mara mbili, linauza elfu ishirini na nne. Hasira zitakupanda, utasema wanakunyonya. Lakini wao wana kodi ya pango, mlinzi, na mtalii anayeingia kwa miguu yake. Kosa ni wewe kuuza elfu kumi na tano mtandaoni kitu ambacho dukani ni ishirini na nne. Mwenye duka ana simu kama wewe. Bei iwe moja kila mahali, na ukiuza mwenyewe ile tofauti ni mshahara wako wa kupiga picha, kujibu "bei mwisho ngapi", na kumfukuzia bodaboda aliyepotea na mzigo.

Mali kauli iandikwe. Vipande vingapi, bei gani, kuhesabu lini, kilichovunjika dukani ni cha nani. Neno "tutaelewana" halihesabiki mwisho wa mwezi.

Bei ya undugu nayo itakujia, tena nyingi. Mimi sina punguzo la undugu. Nina zawadi, na nina bei. Ukiolewa nitakupa kidani bure na kwa furaha. Ukitaka hereni za kwenda kwenye sherehe ya rafiki yako, utalipa kabla ya kuondoka nazo. Wameninunia wengi. Bado tunakula wote Iddi.

Na usitengeneze unachokipenda wewe tu. Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi na Ujiji ilibeba shanga za kioo kama fedha ya njiani. Nyekundu zilizoitwa samesame zilitoka Venice, na Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hiyo kuanzia mwaka 1857, aliandika jinsi aina iliyogombaniwa kijiji hiki ilivyoweza kukataliwa kile. Tajiri aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa na mizigo mizito isiyonunua hata kuku. Fimbo zangu nyingi leo zinatoka Murano, kisiwa kile kile cha Venice ambako tanuri za kioo zilihamishiwa mwaka 1291 kwa hofu ya moto mjini, na mambo hayajabadilika sana: wageni wanataka bluu ya bahari, dada zetu wa harusi wanataka kitu kinachoendana na sare ambayo kamati imeamua jana. Uliza kabla hujawasha moto.

Usajili wa jina la biashara kwa wakala wa serikali, BRELA, namba ya mlipakodi, hayo ni foleni na subira, utayamaliza. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ukiwaendea wana mafunzo ya biashara ndogo, na hupeleka wajasiriamali kwenye maonyesho. Nenda.

Kazi usiache. Si kwa sababu huwezi, mikono yako naijua, ulikuwa unasuka nywele za mtaa mzima. Ni kwa sababu mtu anayedaiwa kodi ya nyumba anauza shanga ambayo haijapozwa. Fanya jioni na wikiendi mpaka hereni zilipe zenyewe gesi, kioo na tanuri, na zibakize akiba ya miezi ambayo hakuna mtalii wala harusi. Machi na Aprili, mvua zikiwa nyingi, utanikumbuka.

Likizo yako ya Juni panda basi uje. Njoo na nguo za pamba, si za nailoni, zikipata cheche zinashika mwili, na viatu vya kufunika vidole. Utakaa mezani kwangu ukitengeneza duara tupu, bila nukta wala maua, mpaka mbili zifanane. Na baba yako akiuliza nani amekutia wazimu huu, mwambie ni dada yake, aniulize mimi.

Shangazi yako,
Arusha